Sadaka ya Mola barabarani: Tunapowapeleka watoto pwani

Likizo fupi ya katikati ya muhula inabisha hodi, na katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Dodoma mazungumzo ya jioni yamekuwa ni hayo kwa hayo. Watoto wanataka kwenda pwani. Baba anahesabu fedha za mafuta, mama anahesabu nguo, na wadogo wanauliza kila asubuhi zimebaki siku ngapi.

Hamu hii ina sababu yake. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, wafanyakazi wengi wenye asili ya Tanga, Bagamoyo, Kilwa na visiwani wamehama na familia zao kuja huku. Watoto wao wamekulia kati ya mashamba ya zabibu na upepo wa vumbi, na bahari ya babu zao wanaijua kwa picha. Tumepata kumsikia mtoto wa darasa la pili, ambaye ukoo wake ni wavuvi wa Kigombe, akimwuliza baba yake kama ni kweli maji ya bahari yana chumvi au watu husema tu.

Kila mwaka wakati kama huu huulizwa suali baada ya darasa: je, inafaa Muislamu kufunga safari ya kilometa zipatazo 600, kutoka Dodoma hadi Tanga, kwa ajili ya kuwafurahisha watoto? Wapo wenzetu wanaojibu kwa ukali kwamba huo ni ubadhirifu, tena ni kuwaiga wengine, kwa kuwa likizo hii mara nyingi huangukia karibu na Pasaka. Sisi hatukubaliani nao. Kalenda ya shule haina dini, na kuwazuru bibi na babu ni kuunga udugu, jambo ambalo dini yetu imelisisitiza mno. Hata furaha tupu isiyokuwa na ziara ndani yake haina aibu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, na Abu Dawud ameipokea hadithi hiyo, kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakashindana mbio, naye akamshinda. Baadaye, alipokwisha kunenepa, walishindana tena, na mara hiyo Mtume (S.A.W.) akashinda, akamtania kwamba hiyo ni malipo ya ile ya kwanza. Kiongozi wa umma, mwenye mzigo mzito kuliko mizigo yote mabegani, alipata nafasi ya kukimbia na mkewe njiani. Sisi wenye ofisi na maduka tunasema hatuna nafasi.

Kwa hiyo neno letu la leo si kuwazuia watu wasiende. Neno letu ni juu ya barabara yenyewe, na namna sisi akina baba tunavyoipita. Tunalisema kwa sababu tuliwahi kukaribia kuwaangamiza watoto wetu wenyewe juu yake.

Ilikuwa Aprili mwaka 2014. Mchana kutwa tulikuwa kikaoni, jioni tukasomesha darasa, na baada ya swala ya Isha tukawapakia watoto wanne na mama yao garini, tukatoka Dodoma. Hesabu yetu tuliiona ya busara: usiku barabara haina watu, watoto watalala, hatutalipa nyumba ya wageni, na Alfajiri tutaiswali Tanga katika msikiti tuliosomea utotoni. Morogoro tulifika yapata saa sita na nusu za usiku. Chalinze tulifika saa nane. Mama yao akasema, "Baba watoto, macho yako mekundu. Tupumzike hapa hata saa mbili." Tukamjibu kwa maneno ambayo hadi leo tunayaonea haya: kwamba mwenye kuitaka swala ya jamaa halali njiani.

Tulivuka Mto Wami, tukapita Mkata. Kabla ya Kabuku, karibu saa kumi, tulifumba macho. Hatukujua kuwa tumeyafumba. Usingizi wa kwenye usukani haupigi hodi. Tulizinduliwa na mtikisiko na sauti ya majani yakichapa kioo. Gari lilikuwa limeacha lami, limeruka mtaro na kusimama ndani ya shamba la mkonge, taa moja imevunjika. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye mama yake alikuwa amempakata kiti cha mbele bila mkanda, aligonga paji la uso akatoka damu. Wengine walikuwa wameangukiana chini ya viti wakilia gizani. Hatua kama ishirini mbele yetu palikuwa na kalavati la zege. Mwenyezi Mungu hakutaka tulifikie.

Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa lori. Alitumulika kwa tochi, akawahesabu watoto mmoja mmoja, kisha akaiona kofia na kanzu yetu. "Shehe," alisema, "mimi nimelala hapo Mkata tangu saa tatu, ndiyo kwanza naamka, na nimebeba saruji. Wewe umebeba watoto, unakimbilia wapi?" Hatukuwa na jibu. Fiqhi ya safari tumeisoma madrasa, tumeisoma tena chuo kikuu, tumeisomesha miaka na miaka, na aliyetufundisha usiku ule ni mtu wa saruji.

Jeraha la mdogo lilipona kwa wiki mbili. La binti yetu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka tisa na hakuguswa hata na unyasi, lilichukua muda mrefu zaidi. Alikuwa haingii garini mpaka aulize kwanza: "Baba, jana ulilala?" Aliuliza hata tulipokuwa tunakwenda sokoni. Leo yuko chuo kikuu, na bado huuliza.

Basi tulirudi kwenye vitabu, na tuliyoyakuta ni yale yale tuliyokuwa tukiyasomesha, ila sasa yalisomeka kwa sura nyingine. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 101, Mwenyezi Mungu amewaruhusu wasafiri kupunguza swala, na aya hiyo inataja hofu ya adui. Imamu Muslim amepokea kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alilistaajabia jambo hili: watu wamekwisha kupata amani, mbona bado wanapunguza? Akamwuliza Mtume (S.A.W.), naye akamfahamisha kwamba hiyo ni sadaka Mwenyezi Mungu aliyowapa waja wake, basi na waipokee sadaka yake. Neno lililotumika ni sadaka. Na sadaka anayeikataa ni mtu wa namna mbili: asiyehitaji, au mwenye kiburi. Msafiri aliyebeba watoto kilometa 600 hawezi kusema hahitaji.

Tazama basi kosa letu lilivyokuwa. Mola ametupunguzia rakaa ili tusichoke, nasi tukajiongezea uchovu ili tuziwahi rakaa. Tuliigeuza swala kuwa kisingizio cha mbio, ilhali sharia imeifanya safari kuwa sababu ya kuilegeza swala. Tunaamini kwamba hatuko peke yetu. Tunawaona ndugu zetu wengi wakikimbiza magari ili wamuwahi imamu mahali fulani, na wengine wakiacha kabisa kuswali mpaka wafike, halafu usiku wanakusanya swala nne kama mtu anayelipa deni la duka. Hawa na wale wameikataa sadaka ile ile.

Na kwa kuwa watu huuliza, tueleze kwa ufupi, kwa kufuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tumeyarithi kutoka pwani. Umbali unaoruhusu kupunguza ni wa marhala mbili, ambazo wengi katika wanachuoni wa zama zetu huzikadiria kuwa kilometa 80 na kitu. Dodoma na Tanga ni mbali zaidi ya hapo mara nyingi. Rukhsa huanza ukishayaacha majengo ya mji wako, si ukiwa bado sebuleni unafunga mabegi. Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Unaweza kuijumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kwa kuitanguliza ya pili au kuichelewesha ya kwanza pamoja na nia yake. Ukimfuata imamu mkaazi katika msikiti wa njiani, unakamilisha rakaa nne pamoja naye. Na jambo hili wengi hulisahau: ukifika Tanga ukiwa umenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yako imekwisha kisharia, nawe utaswali kama mkaazi. Wanaokaa kwa bibi siku kumi huku wakipunguza kwa hoja kwamba wako likizo hawana hoja katika madhehebu haya.

Sasa turudi barabarani. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa inamnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Hakusema kwamba mwanamume shujaa haoni adhabu hiyo. Na alipokuwa akirejea kutoka Khaybar, kwa mapokezi ya Imamu Muslim, msafara ulikwenda usiku mpaka uchovu ukawazidi, wakashuka kulala, Bilali (R.A.) akiachiwa zamu ya kuingojea Alfajiri. Bilali naye akaegemea ngamia wake, usingizi ukamchukua, na hakuna aliyeamka mpaka jua lilipowapiga. Waliswali baada ya hapo, na hakuna aliyeadhibiwa. Ndugu yetu, ikiwa Bilali, aliyekabidhiwa kazi moja tu ya kukesha, alizidiwa na usingizi akiwa amekaa, wewe uliyetoka kazini saa kumi na moja jioni unajiamini kwa nini?

Iko hadithi nyingine kwa Imamu Muslim ambayo tunaona ingefaa ifundishwe kila anayepewa leseni. Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wasafiri kwamba wanaposhuka kulala usiku waiepuke njia yenyewe, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na maskani ya wadudu usiku. Leo mapito hayo ni ya malori na mabasi. Marufuku ya mabasi ya abiria kusafiri usiku, iliyodumu miaka mingi nchini mwetu, iliondolewa mwaka 2023, na kwa hiyo ile hesabu yetu ya kwamba usiku barabara haina watu imekufa. Anayesinzia asiegeshe ukingoni mwa lami huku nyuma ya gari kukiwa giza. Aingie kituo cha mafuta, au uwanja wa msikiti, au nyumba ya wageni. Gharama ya chumba kimoja Morogoro hailingani na gharama ya jeneza dogo.

Na kuhusu mwendo, wasomaji wanalikumbuka tukio la Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake mpaka wakaongeza kasi. Mtume (S.A.W.) alimtaka apunguze, akiwafananisha waliobebwa na vyombo vya kioo. Tukio hili limo katika Bukhari na Muslim, na kwa kawaida husomeshwa kwa ajili ya ladha ya lugha yake. Sisi tunaliona kuwa ni hukumu ya mwendo. Aliyesemeshwa ni dereva, na kipimo alichopewa ni hali ya waliomo ndani, si nguvu ya mnyama. Gari lako linaweza kwenda 140. Je, vyombo vya kioo vilivyomo ndani yake vinaweza?

Hatusemi haya kwa ajili ya kupamba maneno. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitangaza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni, na katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria vifo vya watu wa umri wote kuwa milioni 1.19 kwa mwaka. Mtoto anayepakatwa mbele huwa ndiye ngao ya anayempakata. Tulilijua hili, na tukalipuuza kwa sababu alikuwa akilia na tulitaka kimya. Tangu usiku ule kila mtu ana kiti chake na mkanda wake, na wakizidi viti hatuongezi mtu. Jamaa wakituomba tuwabebee mtoto wao wa ziada tunakataa, na wengine wamekasirika.

Tena likizo hii iko ndani ya masika. Njia ya kutoka Dodoma inapita mabonde yenye mito ya msimu, na Machi mwaka 2020 watu walishuhudia maji yakiikata barabara kuu pale Kiyegeya, Gairo. Mvua ikinyesha kwa nguvu, kaa ulipo. Mwaka 2023 na 2024 Pasaka na likizo hii ziliangukia ndani ya Ramadhani, na tuliwaona akina baba wakiendesha tangu Alfajiri hadi Magharibi wamefunga, midomo imekauka, wakiona fahari. Hiyo nayo ni sadaka iliyokataliwa: msafiri ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Mwezi mtukufu sasa umerudi nyuma, lakini miaka huzunguka. Na mwenye ndugu Dar es Salaam tunamnasihi aache gari nyumbani, apande treni ya kisasa iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Sisi wa Tanga bado tuko na lami yetu.

Kusimama, kwa upande mwingine, ndiko kunakoifanya safari kuwa ya watoto. Baba anayekimbiza gari hana cha kuwaonyesha ila kisogo chake. Simama Kibaigwa waone magunia ya mahindi yaliyopangwa kama nyumba. Simama Dumila mama achague nyanya. Ukipita Kabuku, Hale na Muheza waeleze habari za mkonge, kwamba haukuwa mmea wa huku, bali uliletwa wakati wa Wajerumani mwaka 1893 na mtaalamu aitwaye Richard Hindorf, ukaugeuza mkoa mzima. Muheza wape machungwa wayamenye wenyewe wachafue viti. Viti huoshwa.

Hapa tuna lawama kidogo, na tutaitoa bila ya kutaja jina. Katika msikiti mmoja wa kando ya barabara, mzuri kwa nje na wenye maji ya kutosha, tulikuta sehemu ya wanawake imefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo kasafiri. Mke wetu na mabinti waliswali juu ya kanga nyuma ya tangi la maji, na mbuzi wanapita. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba wanawake huwa hawaji. Watakujaje? Familia nusu yake ni wanawake, na barabara hii wanaipita kwa maelfu kila likizo. Kamati za misikiti ya njiani zilitazame hili kabla ya kuchangisha fedha za mnara.

Na kwa kuwa tumewataja akina mama, tuseme lililo kweli. Katika safari nyingi za likizo, aliye likizoni ni baba. Mama amepika sambusa na kuku wa njiani usiku kucha, garini ndiye anayefuta matapishi, na akifika ukweni anavua viatu na kuingia jikoni. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake. Basi baba na awatoe watoto asubuhi moja, awaogeshe na kuwalisha mwenyewe, mama alale mpaka jua lipande. Mama mkwe akishangaa, ashangae. Na kama likizo haiwezekani ila kwa mkopo wa riba, ile ambayo watu wameibandika jina la kausha damu, basi isubiri. Bahari haihami.

Tukifika kwenye hiyo bahari, utaliona jambo ambalo nasi tulilifanya kwa miaka. Baba na watoto wa kiume wamo majini wanapiga kelele. Mama na mabinti wameketi juu ya mkeka, wanalinda viatu. Tukiulizwa tunasema ni kwa ajili ya stara. Lakini stara haikuamrishwa kwa mabinti peke yao, na baba anayemkagua binti yake mtandio wakati kaptula yake mwenyewe haifiki magotini ajikague kwanza. Katika hadithi aliyoipokea Nasai, kujifunza kuogelea na mtu kucheza na ahali zake vimetajwa miongoni mwa michezo isiyohesabiwa kuwa upuuzi. Hatujui ni nani aliyetuambia kwamba kuogelea huko ni kwa wavulana. Binti asiyejua kuogelea huzama kama mvulana asiyejua.

Njia ipo kwa anayeitaka. Baada ya swala ya Alfajiri fukwe za vijijini, kuelekea Kigombe na Ushongo, huwa na wavuvi wachache tu na mchanga mtupu. Nendeni wakati huo, familia mbili tatu pamoja, wanawake upande wao. Wavae suruali nyepesi na shati pana refu lenye kitambaa kisichonata. Msiwaingize majini na mabuibui. Yakilowa huwa mazito na huvuta miguu, na stara haikukusudiwa kumzamisha mtu. Mtu mzima mmoja anayejua kuogelea abaki amesimama, hali, hapigi picha, anawahesabu watoto.

Na wazazi wa bara wajue habari ya maji. Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na nyakati za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huzidi meta tatu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo Muislamu anayeifuata kalenda ya Hijria anayo ratiba ya bahari mkononi: karibu na tarehe mosi, na karibu na tarehe 15. Siku hizo maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, fungu la mchanga linaonekana mbali, na watoto wanalifuata kuokota kome. Kisha maji yanaanza kurudi, nayo hayaji kutoka mbele kama wanavyodhani. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, kati yao na pwani. Mtoto anageuka anakuta mto mahali alipopita kwa miguu. Ulizeni wavuvi kabla ya kuvua viatu. Hawatozi fedha kwa kusema.

Tungependa pia siku moja itengwe kwa ajili ya Tongoni, kilometa zipatazo 20 kusini mwa Tanga katika njia ya Pangani. Pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, ya karne ya 14 na 15. Paa la msikiti limeanguka, lakini kibla kinaonekana, na mtoto anaweza kusimama pale akaelekea walikoelekea watu waliokufa kabla ya babu wa babu yake. Watoto wetu husomeshwa shuleni kwamba Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Wakiwa Tongoni wanajionea wenyewe kwamba alipopita, adhana ilikuwa ikisikika. Wasikanyage makaburi, watoe salamu, wasome dua. Yanatosha. Tulikuwa na mtoto aliyekataa kushuka garini siku hiyo kwa sababu ya simu yake. Tukamwacha na kaka yake, na baada ya dakika kumi akaja mwenyewe kuuliza ni nani aliyezikwa kwenye kaburi refu. Hatukujua. Tulikaa pale tukikisia mpaka mvua ikatufukuza.

Usiku ni wa bibi. Na hapa wapeni nafasi, wazazi, msiwatafsirie kila neno. Mtoto aliyezoea Kiswahili cha runinga atacheka akisikia Kiswahili cha bibi yake wa Pangani, kisha ataanza kukiiga, na mtakaporudi Dodoma mtakisikia jikoni.

Nasi mwaka huu tumenuia kwenda, Mwenyezi Mungu akipenda. Tutaondoka siku ya Ijumaa baada ya swala, tutaiswali Alasiri rakaa mbili Gairo, na tutalala Morogoro, nyumba ya wageni tumekwisha kuiwekea nafasi. Kesho yake tutaendelea kukiwa kweupe. Bibi yao alipoambiwa alinung'unika kidogo kwenye simu, kwa kuwa alizoea kutuandalia chakula cha daku na kuketi barazani kutungojea usiku kucha. Tumemwomba safari hii alale, nasi tutalala. Binti yetu, aliyekuja kutoka chuoni kwa ajili ya safari hiyo, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akamchukua mdogo wake wakaenda kupanga mabegi.